Mapendo na Daftari: Historia ya Ghala la Maskini katika Kanisa

Watu wengi hudhani kwamba kuwalisha maskini ni kazi ya moyo tu: mwenye huruma atoe, mwenye njaa apokee, basi. Lakini tukifuata historia ya Kanisa tangu Mitume, tunaona jambo jingine. Mara kwa mara watoaji walikuwapo, na chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni utaratibu. Mmoja alipata mara mbili, mwingine akasahauliwa. Vingine vikaoza, na kesho yake njaa ikarudi. Tutazame namna wazee wetu katika imani walivyojifunza kutunza ghala la maskini.

Manung'uniko ya Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, kinatueleza kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliwagawia wajane posho kila siku. Wale waliosema Kigiriki wakanung'unika, kwa sababu wajane wao walikuwa wakisahauliwa. Fikirini jambo hili. Kanisa lilikuwa changa, Mitume walikuwa hai, Roho Mtakatifu alikuwa amekwisha kushuka. Na hata hivyo upendeleo ulikuwa umeingia katika sahani ya mjane.

Mitume hawakuwagombeza walionung'unika, wala hawakufunga ghala. Waliwaita waamini wote, wakawaomba wachague watu 7 wenye sifa njema na hekima: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina haya yote ni ya Kigiriki. Yaonekana basi kwamba kazi ile ilitiwa mikononi mwa watu waliowajua vema wale waliosahauliwa. Mitume wakaomba, wakawawekea mikono. Kugawa mkate kukawa kazi takatifu katika Kanisa.

Roma: majina yaliyoandikwa

Karibu na mwaka 155, Mtakatifu Yustino aliandika namna Wakristo walivyosali siku ya Dominika. Baada ya Ekaristi, wenye mali walitoa kila mtu kama alivyopenda. Sadaka ile iliwekwa kwa mkubwa wa kusanyiko, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Mwaka 251 Papa Korneli aliandika barua akieleza hali ya Kanisa la Roma: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wenye shida zaidi ya 1,500 waliotunzwa na Kanisa. Watu wengi namna hiyo hawawezi kutunzwa kwa kukumbuka kichwani. Miaka 7 baadaye, mwaka 258, shemasi Laurenti aliuawa kwa ajili ya imani. Mapokeo yanasimulia kwamba mkubwa wa serikali alimdai hazina ya Kanisa, naye akamletea maskini, akisema ndio hazina yenyewe.

Aliyesifiwa sana kwa utaratibu ni Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu 590 hata 604. Roma ilikuwa imepigwa na mafuriko, tauni na njaa. Gregori aliagiza ngano kutoka mashamba ya Kanisa huko Sicilia. Shemasi Yohane, aliyeandika maisha yake katika karne ya 9, anasema kwamba kila mwanzo wa mwezi maskini waligawiwa vyakula kwa kufuata majira: ngano, divai, jibini, mboga, samaki, mafuta. Daftari kubwa liliandikwa majina ya waliosaidiwa, umri wao na kiasi walichopewa. Na daftari lile lilikuwa bado linatunzwa Laterano wakati wa Shemasi Yohane. Tena anasimulia kwamba siku moja maskini mmoja alikutwa amekufa, na Gregori akajizuia kusoma Misa kwa siku kadhaa, kama kwamba amemwua kwa mikono yake.

Châtillon, mwaka 1617

Mwaka 1617 Padri Vincent de Paul alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa. Dominika moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliambiwa kwamba katika nyumba moja iliyo mbali kidogo wote ni wagonjwa, hakuna wa kumpa mwenzake maji. Katika mahubiri aliwaombea msaada. Alasiri alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa akina mama, wengine wakienda, wengine wakirudi, kama maandamano ya sikukuu. Kila mmoja alipeleka chakula.

Vincent alifurahi, lakini hakutosheka. Aliona kwamba mapendo ni makubwa, ila hayana mpango. Leo wagonjwa wale wamepata kupita kiasi, vingine vitaharibika, na baada ya siku chache watarudi katika shida yao. Siku chache baadaye aliwakusanya akina mama, wakaanza Chama cha Mapendo. Tarehe 8 Desemba mwaka uleule chama kilisimikwa rasmi.

Kanuni zake zinastahili kusomwa na kila mwenye kutunza ghala la parokia. Kila mama alikuwa na siku yake ya kupika na kupeleka. Fedha zilikaa katika sanduku lenye kufuli mbili, na funguo hazikushikwa na mtu mmoja. Hesabu zilitolewa. Lakini zaidi ya hayo, mama aliagizwa kumsalimu mgonjwa kwa furaha, kumtandikia kitambaa, kumnawisha mikono, kusali naye kabla ya kula. Tena aanze na wale wenye ndugu wa kuwatunza, amalizie na wale wasio na mtu, apate kukaa nao kwa muda mrefu. Hapo ndipo utaratibu na upole vinapokutana.

Paris na Phoenix

Mwaka 1833, huko Paris, Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka 20, na wenzake walianzisha chama kilichochukua jina la Mtakatifu Vincent de Paul. Sista Rosalie Rendu aliwaongoza kwenye nyumba za maskini. Hawakungoja maskini waje mlangoni. Walikwenda kwao na vyeti vya kupata mkate.

Chama hicho kilifika pia Marekani. Katika mji wa Phoenix, Mkatoliki mmoja, John van Hengel, alikuwa akijitolea katika jiko lake la maskini. Mama mmoja mwenye watoto wengi alimweleza kwamba anawalisha kwa vyakula vinavyotupwa nyuma ya maduka, na kwamba ingefaa pawe na benki, si ya fedha bali ya chakula. Mwaka 1967 parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa van Hengel nyumba ya zamani na dola 3,000, ghala likaanza. Mfano huo ukaenea katika nchi nyingi. Tusisahau: wazo lenyewe lilitoka kwa mama aliyekuwa na njaa.

Na sisi?

Historia hii inatuuliza maswali katika parokia na mashirika yetu. Nani anashika ufunguo wa ghala, na nani anasoma daftari pamoja naye? Je, jina la mkimbizi aliyefika juzi, asiyesema lugha yetu, limeandikwa? Mzee anayeona haya kuomba, nani anamwendea kwake? Mgawaji akianza na watu wa ukoo wake, Yerusalemu itanung'unika tena, na itakuwa na haki.

Gunia la unga linaweza kutolewa na mtu mmoja kwa siku moja. Kulifikisha kwa haki kwa kila mwenye njaa, mwezi kwa mwezi, ni kazi ya Wakristo wengi walioandika zamu zao na kuzishika.