Daftari la Machi 1993

Ijumaa, tarehe 12 Machi 1993, Korea Kaskazini ilitangaza kwamba inajitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Tangu mkataba huo uanze kutumika mwaka 1970, hakuna nchi iliyokuwa imewahi kutoa notisi ya namna hiyo. Siku 12 baadaye, Rais F. W. de Klerk alisimama bungeni Cape Town na kukiri siri ya miaka mingi: Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia, ikayavunja yote, kisha ndipo ikajiunga na mkataba.

Wanahistoria huyasimulia matukio haya mbalimbali, moja katika habari za Asia, jingine katika habari za kuanguka kwa ubaguzi wa rangi. Lakini wakaguzi waliohusika walitoka shirika moja, na tatizo walilolikuta pande zote mbili lilikuwa moja: hesabu zilizokataa kulingana.

Mkataba wenyewe ulifunguliwa kutiwa saini tarehe 1 Julai 1968. Uliyatambua kuwa yenye silaha za nyuklia mataifa yaliyokuwa yamelipua bomu kabla ya Januari 1967, nayo ni Marekani, Muungano wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Wengine wote waliojiunga waliahidi kutotengeneza silaha hizo. Kwa malipo ya ahadi hiyo walihakikishiwa haki ya kutumia nguvu za atomiki kwa amani, na wakubwa wakaahidi kujadiliana kwa nia njema kuhusu kupunguza silaha zao. India iliuona mkataba huo kuwa wa kibaguzi, ikakaa nje. Pakistan na Israeli nazo hazikuingia.

Aliyekubali kufungwa mikono aliachiwa mlango wa kutokea. Ibara ya 10 inaruhusu nchi kujitoa iwapo matukio yasiyo ya kawaida yamehatarisha maslahi yake makuu. Inatakiwa kutoa notisi ya miezi mitatu kwa wanachama wote na kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na kueleza sababu. Nani apime kama sababu hizo zinatosha? Ibara imenyamaza.

Kati ya kuingia na kutoka kuna kazi ya kila siku, nayo ni kazi ya daftari. Nchi mwanachama isiyo na silaha hizo huorodhesha urani na plutoniamu yake yote mbele ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna. Wakaguzi huenda kuhesabu, kupima na kuchukua sampuli. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe inaweza kuteketeza mji. Kwa miaka mingi wakaguzi walithibitisha hasa yale yaliyoandikwa. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, ilipogundulika kwamba Irak, mwanachama wa mkataba, ilikuwa na mpango wa siri, walianza kuuliza pia kuhusu yale yasiyoandikwa.

Korea Kaskazini ndiyo iliyokutana na macho hayo mapya. Ilijiunga Desemba 1985, lakini makubaliano ya ukaguzi iliyasaini Januari 1992 tu, miaka kadhaa baada ya muda uliowekwa. Katika taarifa yake ya kwanza ilisema kuwa katika kituo chake cha nyuklia cha Yongbyon ilichuja takriban gramu 90 za plutoniamu, mara moja tu, mwaka 1990, kutoka kwenye fueli iliyoharibika. Wakaguzi walifuta vumbi mitamboni kwa vitambaa, wakalipeleka maabara. Majibu yalionyesha kazi ya zaidi ya mara moja, kati ya 1989 na 1991. Picha za satelaiti za Marekani nazo zilionyesha maeneo mawili yaliyoshukiwa kuhifadhi taka za nyuklia, na juhudi za kuyaficha. Februari 1993 shirika liliomba ukaguzi maalumu wa maeneo hayo. Pyongyang ilijibu kuwa ni ya kijeshi, ikalalamika kwamba shirika linatumiwa na Marekani, ikataja pia mazoezi ya kijeshi ya Marekani na Korea Kusini yaliyokuwa yameanza tena. Kisha ikatoa notisi.

Afrika Kusini ilikuwa imeingia Julai 1991, mwaka uleule ambao Tanzania, Zambia na Zimbabwe zilijiunga. Isipambwe kuliko inavyostahili. Kwa zaidi ya mwaka mmoja iliwakaribisha wakaguzi bila kuwaambia kwamba iliwahi kuwa na mabomu, na michoro ya silaha hizo iliamriwa iharibiwe. Sababu za kuzivunja nazo zinajadiliwa hadi leo: wengine wanataja kumalizika kwa Vita Baridi na kuondoka kwa majeshi ya Kuba Angola, wengine wanasema wazungu hawakutaka serikali ya weusi irithi bomu.

Hesabu zake pia zilikuwa na pengo. Kiasi cha urani kilichoonekana kuingia na kutoka katika kiwanda cha urutubishaji cha Valindaba, jirani na Pelindaba, hakikulingana sawasawa. Lakini hapa nchi hizi mbili zinaachana njia. Wakaguzi walipewa kumbukumbu za uendeshaji wa kiwanda tangu miaka ya 1970, wakazipitia, wakazungumza na waliofanya kazi hizo, na baada ya tangazo la de Klerk wakaonyeshwa mpaka mashimo ya majaribio yaliyochimbwa katika jangwa la Kalahari. Mashimo hayo yaliharibiwa mbele yao mwaka huohuo wa 1993. Pengo halikuzibwa kwa kiapo cha mwanasiasa. Lilizibwa na makaratasi ya mafundi wa zamu.

Kule Yongbyon mlango ulibaki nusu wazi. Tarehe 11 Juni 1993, siku moja kabla ya notisi kukamilika, Korea Kaskazini ilisimamisha kujitoa kwake baada ya mazungumzo na Marekani mjini New York. Oktoba 1994 zilisaini makubaliano Geneva: kinu cha Yongbyon kisimamishwe, na badala yake Korea Kaskazini ijengewe vinu viwili vya umeme na kupewa tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka. Fito takriban 8,000 za fueli iliyotumika zilifungiwa chini ya macho ya wakaguzi. Lakini swali la zamani, plutoniamu ilichujwa kiasi gani kabla ya 1992, liliwekwa kando mpaka ujenzi ufike mbali.

Haukufika. Mwishoni mwa 2002 Marekani iliituhumu Pyongyang kurutubisha urani kwa siri, shehena za mafuta zikakatizwa, wakaguzi wakafukuzwa. Tarehe 10 Januari 2003 Korea Kaskazini ilitangaza tena kujitoa, ikidai kwamba kwa kuwa notisi ya 1993 ilisimamishwa tu, ilikuwa imebakiwa na siku moja. Wanachama wengi hawakuikubali hesabu hiyo, lakini hawakukubaliana la kufanya. Katika mkutano wa mkataba huo Geneva mwaka 2003, mwenyekiti alikichukua kibao chenye jina la nchi hiyo akakihifadhi mwenyewe, ili wajumbe wasilazimike kuamua kama kikae mezani au kiondolewe. Tarehe 9 Oktoba 2006 nchi hiyo ililipua bomu lake la kwanza la majaribio.

Afrika nayo iliandika mkataba wake wa kukataza silaha za nyuklia, uliosainiwa Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009 Burundi ilipouridhia, ikiwa nchi ya 28. Nao una mlango wa kutokea, ila notisi yake ni ya miezi 12. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la kituo kilichokuwa kitovu cha utafiti wa nyuklia wa makaburu. Kwa lugha za wenyeji jina hilo linabeba maana ya jambo lililokwisha kuzungumzwa. Kule Yongbyon, mstari wa gramu 90 ungali wazi.