Tundu la Nuru na Kipimo Chake

Neno kamera limetoka katika Kilatini, na maana yake ni chumba. Kamera ya kwanza ilikuwa chumba hasa: chumba cha giza chenye tundu moja ukutani. Kukiwa na jua kali nje, sura ya mti hupenya katika tundu hilo na kujichora juu ya ukuta wa pili, shina juu, matawi chini. Wafuasi wa Mozi huko Uchina waliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lililobaki bila jawabu ni swali la upana wa tundu.

Aliyelishika swali hilo barabara ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040. Katika risala yake juu ya sura ya kusufu (maneno mawili ambayo mwalimu wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa) alieleza kwa nini jua lililopatwa kwa sehemu hutoa umbo la hilali likipitia tundu jembamba, na kwa nini umbo hilo hugeuka duara tundu likipanuliwa. Kila nukta ya jua hutupa ukutani alama yenye umbo la tundu lenyewe. Tundu likiwa pana, alama hizo hupandana na kuifunika hilali. Kepler naye alilichunguza jua lililopatwa mwaka 1600 huko Graz, akachapisha maelezo yake mwaka 1604.

Mtu angedhani basi kwamba tundu likizidi kuwa dogo, picha huzidi kuwa safi. Sivyo. Nuru huenda kwa mawimbi, nayo ikibanwa mno husambaa, na picha hufifia kingo zake. Petzval alitoa kanuni ya kipimo mwaka 1857, na Lord Rayleigh akatoa iliyo bora mwaka 1891. Kwa kanuni ya Rayleigh, karatasi ya picha ikiwa sentimita 10 nyuma ya tundu, kipenyo kifaacho ni pungufu kidogo ya nusu milimita.

Maelekezo mengi huishia kwenye maneno "toboa kwa sindano", nayo ni maelekezo mabaya. Sindano ikipita yote huacha tundu pana lenye kingo zilizochanika. Afadhali kukata kipande cha kopo la soda, kukilaza juu ya kadibodi, na kukibonyeza kwa ncha ya sindano hadi kivimbe tu upande wa pili. Uvimbe huo husuguliwa kwa msasa laini. Ncha hurudishwa, ikizungushwa polepole. Kisha husuguliwa tena, mpaka nuru ionekane kwa duara kamili. Bati lazima liwe jembamba, kwani bati nene huikata nuru inayoingia kimshazari, na pembe za picha huwa nyeusi. Upande wa ndani hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, tundu lenyewe likiachwa wazi.

Filamu ya kawaida huhitaji sekunde chache tu katika jua la mchana. Karatasi ya picha huhitaji karibu dakika nzima, na mpita njia asiyesimama haonekani kabisa.