Kicheko katika Ngano Zilizosimuliwa Upya: Kutoka Sultani Darai hadi Abunuwasi

Yapo maoni kwamba kusimulia ngano za kale kwa mzaha ni desturi iliyoletwa na vitabu vya picha vya watoto. Historia ya fasihi ya Kiswahili yaonyesha vingine.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizozikusanya Unguja, kikiwemo kisa cha Sultani Darai. Kiini chake chafanana na ngano ya paka mwenye viatu aliyoichapisha Charles Perrault mwaka 1697: mnyama mwerevu anamwezesha bwana wake fukara kumwoa binti wa mfalme. Hata hivyo, huku Unguja mnyama ni paa, na mwisho ni mwingine. Paa anapougua, bwana aliyetajirishwa naye anamdharau hadi anakufa. Kisha bwana huyo anajikuta tena jaani, akichakura kama zamani. Kicheko kilichoanza na hila kinaishia kumsuta asiye na shukrani.

Abunuwasi naye ana historia ya namna hiyo. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, alifariki karibu na mwaka 814. Masimulizi ya Kiarabu yalimfanya mcheshi wa Harun al-Rashid. Waswahili wakamfanya mwerevu wa mtaani. Katika kisa cha sufuria, jirani anakubali kwa tamaa kwamba sufuria yake imezaa. Baadaye hana hoja ya kukana kwamba imekufa. Anayechekwa si mnyonge, bali mwenye tamaa.

Mwaka 1996 mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alimwingiza Abunuwasi katika kitabu cha katuni kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Katika katuni, kazi ya sauti ya msimulizi hupokewa na uso uliochorwa: jicho la tamaa huonekana kabla neno halijasomwa.

Jambo hili lina uzito kwa mtoto wa Kibingo, wilayani Kyerwa, anayeanza kusikia ngano kwa Kinyambo na kukisoma Kiswahili shuleni. Picha humtangulia katika lugha hiyo ya pili. Lakini ngano ikisimuliwa upya kwa ajili ya zoezi la msamiati tu, na kejeli ikaondolewa, mtoto hupata maneno akakosa hoja. Kwa hiyo, kipimo cha usimulizi mpya si wingi wa vichekesho, bali ni nani anayechekwa, na kwa nini.