Treni Isiyofika Kisii

Kama uko Kisii mjini na unataka kutazama treni ya mizigo, itabidi upande matatu. Kisii haina reli, Nyamira haina, na hazijawahi kuwa nayo. Ya karibu iko Kisumu, au kule kwenye miwa, Chemelil na Muhoroni. Na hata ukifika, usitegemee saa. Leo unaweza kuona mabehewa hadi uchoke kuhesabu, kesho reli inyamaze mbuzi wajilalie juu yake. Wengi husema ni uzembe tu. Historia ina jibu refu kidogo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Miaka sita baadaye, 1907, Waingereza wakaweka kituo chao Kisii. Pamoja nao ikaja kodi ya nyumba, na kodi hailipwi kwa maneno. Ngozi, wimbi na mahindi vikaanza kuteremka kutoka milima ya Gusii hadi Kendu Bay, vikavuka ghuba kwa meli, vikapakiwa kwenye mabehewa Kisumu. Kwa hivyo Mgusii ambaye hakuwahi kusikia honi ya treni alikuwa tayari anailisha.

Hapo ndipo siku za reli zinapotofautiana. Treni ya abiria huondoka hata ikiwa na watu kumi. Ya mizigo husubiri mzigo. Mzigo wa Kisumu ulisubiri meli, meli ikasubiri mavuno, nayo mavuno yakasubiri mvua. Mvua ikichelewa Gusii, pengo linaonekana kwenye reli wiki kadhaa baadaye, na mtu aliyesimama stesheni hajui kwa nini.

Halafu kuna njia yenyewe. Ni reli moja, kwa hivyo treni mbili zinazokutana lazima zipishane stesheni, moja ikingoja nyingine. Kutoka Kisumu, iliyo takriban mita 1,100 juu ya bahari, inapanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500. Injini moja ikikwama kwenye huo mlima, wote walio nyuma wanakaa. Kesho yake zinapita zikifuatana, na mtazamaji anadhani biashara imenoga ghafla.

Mwaka 1931 mambo yakageuka. Reli ya kupitia Eldoret na Tororo ilifika Kampala, na pamba ya Uganda haikulazimika tena kuvuka ziwa. Kisumu ikawa tawi. Miaka hiyo hiyo ya 1930 ndipo wakulima wa Kiafrika Kisii waliporuhusiwa kupanda kahawa, yaani tulipata zao la pesa wakati reli ya jirani inapungua nguvu. Baadaye lori zikachukua nafasi. Ndizi haiwezi kungoja behewa lijae. Ikingoja siku tatu inaiva njiani.

Siku hizi bado meli huamua. MV Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960, hubeba mabehewa yenyewe, kwa sababu sakafu yake imetandikwa reli. Ilirudi kazini 2019 baada ya kulala miaka mingi. Ikiwa imetia nanga Kisumu, yadi inachangamka. Ikiwa ziwani, utulivu.

Sasa tunaambiwa SGR, iliyoanza Mombasa hadi Nairobi 2017 na kusogea hadi karibu na Naivasha 2019, itaendelea hadi Kisumu ikipitia Nyamira. Vijana wengi tayari wanaota ajira, na ni haki yao. Lakini kontena nyingi hupanda kutoka bandarini zikiwa zimejaa na kurudi tupu, kwa sababu nchi hununua nje kuliko inavyouza. Reli haibadilishi hilo peke yake. Inaweza kutuletea mitumba na vigae kwa bei nafuu, na bado majani chai ya Nyamira yakaendelea kwenda Mombasa kwa lori.

Soko la Daraja Mbili hufurika Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo zilipangwa na watu, sio na Shirika la Reli. Kwa hivyo kabla ya kubishana stesheni ijengwe kwa nani, tuulize hili: Alhamisi usiku, soko likifungwa, treni ya kushuka pwani itapakia nini chetu?