Uzi: Nani alijenga Homa Bay na Migori, kanisa au kodi yako?

Kila msimu wa siasa ukikaribia, hoja hii lazima irudi. Mmoja anapanda jukwaani: "Kama si makanisa, watu wa huku wangekuwa bado gizani. Serikali haijawahi kuwafanyia kitu." Mwingine anajibu: "Misaada ya wazungu ndiyo ilitufanya ombaomba." Watu wanapiga makofi, mabati yanagawanywa, kila mtu anarudi kwake.

Nasoma sayansi ya siasa na hii hoja imenikera vya kutosha. Sitataja mwanasiasa wala chama. Kaa nami kidogo, ni ndefu.

Tuanzie Gendia, karibu na Kendu Bay. Novemba 1906 walifika pale wamishonari wawili Waadventista, hawa tunaowaita Sabato. Arthur Carscallen alikuwa Mkanada. Mwenzake alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo, kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Walikuwa wamesoma chuo kimoja Uingereza.

Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, akatafsiri sehemu za Agano Jipya. Kufikia 1913 Gendia ilikuwa na mashine ya kuchapa, na mwaka huo huo misheni ya Kamagambo ikaanzishwa, upande ambao leo ni Migori. Hospitali ya Kendu ikafunguliwa 1925. Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa Asumbi, na ushindani wa hao wawili ulisambaza shule vijijini kuliko amri yoyote ya gavana. (Hadi leo kuna familia kando ya ziwa hazigusi mumi kwa sababu hana magamba. Sabato walifika hadi kwenye sufuria.)

Kwa hiyo upande wa kwanza una haki yake. Kazi ilifanyika, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka hata kidogo ya kumsomesha mtoto wa Karachuonyo.

Lakini hebu turudi kwa Nyambo. Kwenye hadithi tunazosimuliwa kanisani, Carscallen anabaki mzee wa misheni na Nyambo anatajwa kwa sentensi moja. Yet huyo Nyambo, mwaka 1914, alikuwa London na barua ya malalamiko kwa mfalme, kuhusu jinsi Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia walivyokuwa wakitawaliwa. Hakupewa alichotaka. Ila fikiria: kati ya wale wawili waliofika Gendia, mmoja aliishia kudai haki kwa mfalme mwenyewe. Sisi tumemkumbuka yule mwingine.

Sasa swali la pesa. Wamishonari hawakuja na ardhi mfukoni. Ardhi ilikuwa ya watu. Mawe yalibebwa na watu. Walimu wa zile shule ndogo za vijijini walikuwa vijana wa hapa hapa, wakilipwa kidogo sana. Na wakati huo huo kila boma lilikuwa linalipa kodi ya nyumba kwa serikali, na usipolipa unatafutwa.

Ile kodi ilifanya nini? Sehemu yake ilirudi kwa mlango wa misheni. Kuanzia miaka ya 1920 sera rasmi Kenya ilikuwa serikali kuzipa shule za misheni ruzuku. Mwaka 1925 likaja Baraza la Wenyeji la Kavirondo Kusini, wilaya iliyojumuisha Homa Bay, Migori na Kisii ya leo. Mabaraza haya yaliruhusiwa kutoza watu ada nyingine juu ya kodi, na shule zilikuwa kati ya mambo ya kwanza waliyotaka kufanyia pesa hizo. Tena walitaka shule za serikali, zisizomwuliza mtoto amebatizwa wapi. Ile shule ya serikali ya Kisii ya miaka ya 1930 ilitokana na msukumo huo.

Yaani babu alilipa kodi, akalipa ada ya baraza, akatoa ardhi, akabeba mawe, halafu mtoto wake akafundishwa kusema asante kwa mfadhili wa ng'ambo.

Watu waliliona hilo mapema. Septemba 1914 Wajerumani walipovamia Kisii na Waingereza wakakimbia mji kwa muda, wakazi walipora ofisi za serikali na misheni pia. Hawakutenganisha. Adhabu yao ilikuwa kunyang'anywa ng'ombe.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng'ambo ya Ghuba la Winam, na unaeleza kilichotokea Nyanza nzima. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakiongozwa na vijana waliosoma misheni. Ukaitwa mkutano wa Piny Owacho, "nchi imesema". Madai yalikuwa ya moto: kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, ardhi iwe na hati, na Kenya isiitwe koloni. Serikali ikashtuka.

Mwaka 1923 chama chao kikapata rais mpya, Askofu Msaidizi... hapana, cheo chake kilikuwa ashidikoni, Walter Owen wa Anglikana. Kikageuka kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama wakawa wanaahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti.

Watu walidai ardhi, wakapewa somo la choo.

Nisimwonee Owen. Alipinga kazi ya kulazimishwa kwa nguvu, aliandika hadi kwenye magazeti ya Uingereza, na masetla walimchukia kabisa. Na vyoo vilihitajika, sikatai, kipindupindu bado hutembelea ufuo wetu. Ila tazama kilichobadilika. Kabla ya 1923 vijana walikuwa wanaizungumzia serikali. Baadaye walikuwa wanazungumziwa kuhusu usafi wao.

Baada ya uhuru tulipaswa kumaliza hili swali. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ikaundwa 1967. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali na kanisa likabaki "mdhamini". Sheria ya 2013 nayo ikamwacha mdhamini palepale. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "shule ya kanisa" akimaanisha mahali kama Asumbi Girls, mwulize mshahara wa walimu unatoka wapi. Ni shule ya umma. Kanisa lina sauti na historia yake hapo, lakini anayelipa walimu ni wewe.

Kwenye afya ndipo mambo yalipokuwa mazito, na hapa siongei kwa kejeli. Ukimwi ulipotupiga miaka ya 1990, makanisa yalizika, yakalea yatima, yakaweka wagonjwa vitandani wakati serikali ilikuwa bado inasitasita. MSF, ambao si wa kanisa, walianza Homa Bay 1996, na 2001 hospitali ya umma ya Homa Bay ikaanza kutoa ARV bure. Baadaye, kuanzia 2003, pesa za PEPFAR kutoka Marekani zikamiminika, nyingi zikipitia hospitali za makanisa. MEDS, shirika la dawa la Wakatoliki na Waprotestanti la tangu 1986, likawa sehemu ya usambazaji huo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi. Bila hizo dawa, wengine wetu tusingekuwa na wazazi wa kutulipia karo.

Halafu Januari 2025 msaada wa Marekani ukasimamishwa kwa amri ya siku moja, na kufikia Julai USAID ikawa imefungwa. Kliniki zikapunguza watu. Kilichonishangaza si Wamarekani. Pesa ni zao, wapiga kura ni wao. Kilichonishangaza ni kwamba huku hakuna aliyejua amwulize nani. Msimamizi wa hospitali ya misheni hakuchaguliwa na mtu. Kaunti ilisema ni mambo ya wafadhili. Nairobi ikasema afya imegatuliwa. Na hizo hospitali za makanisa zilikuwa tayari zinalia kuhusu madeni ya bima ya serikali, tangu enzi za NHIF hadi SHA. Hiyo ni pesa iliyokatwa kwenye mishahara yetu, si sadaka.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema afya na elimu ni haki. Hakijasema ni hisani.

Binamu yangu alisomeshwa na mfadhili wa ng'ambo kupitia mradi mmoja wa kanisa ambao sitautaja. Alikuwa anaandika barua za shukrani, anachora maua pembeni, mwalimu wa mradi anazisoma kwanza. Akiwa kidato cha pili ufadhili ukakoma. Hakuna aliyempa sababu. Alikuwa na miaka minane ya mazoezi ya kusema asante, na hakujua barua ya malalamiko huanzaje au hupelekwa wapi. Karo ilichangwa na shangazi zake wa chama.

Hilo la kuchanga si geni. Kijiji cha Lwala, Kamagambo Kaskazini, kiliuza kuku na mifugo mingine kupata kama dola 900 za tiketi ya ndege ya kijana wao Milton Ochieng' kwenda kusoma Marekani. Yeye na ndugu yake Fred walirudisha kliniki, ikafunguliwa 2007. Kwa hiyo mtu akikuambia watu wa huku walizoea kupewa tu, mwulize hao kuku walikuwa wa nani.

Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha mamilioni yaliyotolewa na wanasiasa kanisani. Wengi walishangilia, mimi pia. Lakini mgombea anayekuja kwenu na mabati kisha anahutubia kuhusu wema wa wamishonari anajua anachofanya: akiwa mfadhili, anashukuriwa. Akiwa kiongozi, anaulizwa bajeti.

Kama uko Kendu, Rongo, Mbita au Suna na kliniki ya kanisa karibu nawe ilipunguza wafanyakazi tangu 2025, niandikie hapo chini. Nataka kujua nani alikuja kuwaeleza, na alisema nini.