Mbachao na Msala Upitao: Bunduki Kuukuu, Bunduki Mpya na Historia ya Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumezoea kuisikia katika mausia ya ndoa na ya ajira. Leo naiazima ili tulipime swali ambalo mkulima wa Kilolo, Mufindi, Mbarali au Rungwe analifahamu vizuri kuliko ofisi nyingi za serikali: mtu aliyerithi bunduki ya zamani ya kulindia shamba dhidi ya nyani, ngedere na nguruwe-mwitu, abaki nayo, au aibadilishe kwa bunduki mpya yenye kaliba ndogo zaidi, yaani mtutu mwembamba zaidi, na risasi yenye kasi kubwa?

Kwa juu juu, hilo ni swali la fundi na la muuza duka. Ukilifuatilia katika historia ya Iringa na Mbeya, utalikuta limeulizwa na watawala, majemadari, askari na wakulima kwa zaidi ya miaka 130. Hoja yangu ni kwamba katika muda wote huo ubora wa bunduki haukuamuliwa na mtutu peke yake. Uliamuliwa na mambo mawili: nani anaishika njia ya risasi, na nani anatoa ruhusa.

Lugalo na Kalenga

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa liliuvamia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Msafara ulikuwa umejipanga katika mstari mrefu njiani, na Wahehe waliutokea kutoka vichakani kabla askari hawajajiandaa kufyatua. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari wengi. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu.

Jambo la kutafakari ni kwamba ushindi ule uliletwa na mkuki. Wahehe walikuwa na bunduki walizozipata kwa biashara na pwani, lakini nguvu yao kuu ilikuwa mkuki, nidhamu na ujuzi wa ardhi. Baada ya Lugalo, Mkwawa akawa ghafla mmiliki wa shehena ya silaha za kiwanda.

Silaha hizo zilikuwa na siri moja. Gobore hulishwa kwa vitu vinavyoweza kupatikana kijijini au kwa mchuuzi: baruti, kipande cha risasi au chuma, na kitu cha kushindilia. Bunduki ya kiwanda hula risasi iliyofungwa ndani ya ganda la shaba, yenye kipimo kimoja tu, na ganda hilo halifuliwi kwa mhunzi. Aliyeiteka bunduki aliteka pia idadi fulani ya risasi; zilipokwisha, hakuwa na duka la kuendea. Mkwawa alijenga ngome ya mawe Kalenga, lakini tarehe 30 Oktoba 1894 ngome hiyo ilianguka mbele ya jeshi lililoongozwa na Gavana Friedrich von Schele. Jeshi hilo lilikuwa na bahari nyuma yake, na baharini meli, na ng'ambo ya bahari viwanda. Mkwawa aliendelea kupigana kwa kuvizia hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe.

Sheria iliyogawa bunduki kwa madaraja

Kwa nini Mkwawa hakuweza kununua risasi? Jibu limo katika mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890, mwaka mmoja kabla ya Lugalo. Mkataba ule unakumbukwa kwa vipengele vyake dhidi ya biashara ya watumwa. Lakini ulizuia pia uingizaji wa silaha, hususan bunduki za mitutu yenye mifereji na zilizoboreshwa, katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mwa ikweta hadi digrii 22 kusini. Mlango mdogo uliachwa wazi: bunduki za kawaida za jiwe la kiberiti, zisizo na mifereji, na baruti duni ya biashara, ziliweza kuruhusiwa.

Tuusome mkataba huo kama watu wa Iringa. Ulisema kwamba Mwafrika anaweza kuwa na bunduki mradi iwe ya zamani. Ukuukuu uliandikwa katika sheria.

Upande wa pili wa mpango huo ulikuwa Ulaya kwenyewe. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki iliyoitumia. Ujerumani ilifuata mwaka 1888, ikaachana na kaliba ya milimita 11 ya Mauser ya mwaka 1871 na kuchukua ile ya milimita 7.92. Mauser zilizostaafishwa hazikutupwa. Zikawa silaha za askari Waafrika wa jeshi la koloni. Kwa hiyo bunduki ya askari wa Mjerumani, ambayo machoni pa mwanakijiji ilikuwa mpya ya kutisha, kwa jeshi la Ulaya ilikuwa chakavu iliyokwisha kubadilishwa.

Shambani, madaraja hayo yaliuma kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni za uwindaji zilizoweka leseni na maeneo ya akiba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akichunguza chimbuko la Vita vya Majimaji huko Uzaramo, ameonyesha uhusiano kati ya nguruwe-mwitu walioharibu mashamba, njaa, na jamii iliyopungukiwa nguvu ya kuwazuia wanyama hao. Vita vilipolipuka mwaka 1905 vilifika hata Nyanda za Juu: Septemba mwaka ule Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Imani ya maji yenye uwezo wa kugeuza risasi huchekwa na wengine hadi leo. Mimi naiona pia kama kauli ya watu waliofungiwa kila njia ya kuipata risasi, wakatafuta njia ya kuibatilisha.

Askari na moshi wa baruti

Vita Kuu ya 1914 viliwakuta askari wengi wa Kijerumani wakiwa bado na ile Mauser ya 1871. Ilifyatua risasi moja moja, na kila mlio uliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mfyatuaji alipojificha. Waingereza waliposhindwa Tanga mwezi Novemba 1914, waliacha mamia ya bunduki za kisasa pamoja na risasi zake, na askari wakapewa hizo. Meli zilizopenya zuio la Waingereza baharini, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, zilileta nyingine.

Nyanda za Juu Kusini zikawa uwanja wa vita mwaka 1916. Jenerali Edward Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akaitwaa Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg wakati huo, akapigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa mwezi Agosti. Wakulima wa njia yote hiyo walipoteza chakula, mifugo na vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi. Wao hawakuwa na uchaguzi wowote kuhusu bunduki.

Uamuzi mkubwa wa kubadilisha silaha ulifanyika mbali kidogo, ng'ambo ya Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck aliishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano. Jeshi lake lilikuwa limebakiwa na risasi chache mno. Kambi ile ilikuwa na bunduki na akiba kubwa ya risasi, hivyo akawapa askari wake bunduki za Kireno na kuachana na zile kuukuu. Alizichukua kwa sababu risasi zake zilikuwepo pale pale, na kwa kuwa zake mwenyewe zingegeuka magongo ndani ya wiki chache. Mwaka 1918 jeshi hilo lilirudi kupitia Songea na Ubena, likavuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini. Liliposalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, Lettow-Vorbeck aliorodhesha bunduki 1,071, na kwa maelezo yake mwenyewe zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Hapa methali yetu inapata mtihani. Lettow-Vorbeck aliacha mbachao kwa msala upitao, na akafaulu. Alifaulu kwa kuwa alijua kwamba mbachao ulikuwa umekwisha, na kwa kuwa kila msala ulipochakaa aliweza kuteka mwingine. Mkulima hana uwezo huo. Hawezi kuteka ghala ili apate risasi za kufukuzia nyani.

Simba wa Njombe na bunduki ya Isimani

Utawala wa Kiingereza uliendeleza utaratibu wa leseni na kuunda Idara ya Wanyamapori. Mfano unaojulikana zaidi ni wa simba wala watu wa Njombe, walioua watu kwa miaka mingi katika miaka ya 1930 na 1940, kwenye ukanda wa Wanging'ombe kati ya Iringa na Mbeya. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba serikali ilipunguza wanyamapori ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, na simba waliokosa mawindo wakageukia binadamu. Aliyewamaliza ni George Rushby, ofisa wa Idara ya Wanyamapori, akiwa na bunduki ya kisasa. Sifa yake ni halali. Hata hivyo, wanakijiji waliokuwa wakizika ndugu zao walilazimika kumsubiri mwenye bunduki ya kufaa, kwa sababu sheria na bei viliwanyima yao.

Uadilifu unatudai tutazame pia upande wa dola. Siku ya Krismasi 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, katika mgogoro uliohusu ardhi na utekelezaji wa ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Bunduki inayolinda mahindi inaweza kumgeukia binadamu mchana mmoja wa hasira. Serikali yoyote, ya mkoloni au ya wananchi, ina sababu ya kuuliza nani ana silaha na anaiweka wapi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimama juu ya sababu hiyo: silaha inahitaji leseni, na haihami mkono kwa mkono bila mamlaka husika kujua.

Basi, abadilishe au asibadilishe?

Kwanza, aulize risasi kabla ya kuuliza bunduki. Risasi za kaliba hiyo mpya zinauzwa wapi: Mbeya mjini, Iringa mjini, au Dar es Salaam pekee? Kwa bei gani, na je, zitakuwepo baada ya miaka mitano? Kaliba inayosifiwa sana lakini haina risasi mkoani ni Lugalo bila ghala.

Pili, aitazame ardhi yake. Risasi nyembamba yenye kasi humfikia nyani aliye mbali ambaye gobore haliwezi kumfikia, nayo haitoi moshi unaoziba macho. Lakini ikikosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja. Katika vilima vya Rungwe, ambako migomba, nyumba na njia za watoto wa shule vimebanana, mlenga shabaha lazima awe na kilima au tuta nyuma ya mnyama. Asipokuwa nalo, bunduki ya marisau yanayoanguka karibu yaweza kuwa salama zaidi kuliko ile ya kisasa.

Tatu, aipime hali ya ile ya zamani kwa macho makavu. Mtutu ulioliwa na kutu unaweza kumpasukia usoni. Urithi wa babu si sababu ya kupoteza jicho, na hapo methali ya mbachao haina kauli.

Nne, mabadilishano yapite polisi, kwa maandishi, silaha zote mbili zikiwa na leseni. Anayefanya vinginevyo anajigeuza mhalifu kwa sababu ya nguruwe.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina ombi mahsusi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zililenga wanyama hatari kama tembo na simba. Anayekesha shambani Mufindi, akipiga debe kuwafukuza nguruwe, hana kifuta jasho anachokitarajia. Maombi yake ya leseni yasipojibiwa, na ofisa wa wanyamapori akiwa mbali na asiye na gari, tunamrudisha kwenye mpango wa Brussels: awe na bunduki mradi iwe kuukuu, na risasi azitafute gizani. Halmashauri zinaweza kufanya mambo mawili yasiyohitaji sheria mpya: kuweka siku za wazi za ukaguzi na ushauri wa silaha za mashambani, na kuandikisha hasara zinazoletwa na nyani na nguruwe kata kwa kata. Bila daftari hilo, hasara ya mkulima haitaonekana kwenye bajeti ya mtu yeyote, hata akiwa na bunduki nzuri kuliko ya jirani yake.