Sehemu ya 4: Kutoka "dawa baridi" hadi Duka la Dawa Muhimu

Mama zangu wa Bariadi, mnayakumbuka maduka ya dawa baridi? Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini antibayotiki zilikuwa zinauzwa humo humo, mara nyingi na mtu asiye na mafunzo.

Mwaka 2003 serikali ikaanza kujaribu mfumo mpya mkoani Ruvuma: Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji afundishwe, duka lisajiliwe na kukaguliwa, ndipo liruhusiwe kuuza baadhi ya antibayotiki. Baadaye mfumo ukaenea nchi nzima, mpaka huku kwetu Simiyu.

Kwa hiyo ukiingia dukani, angalia kibali ukutani. Muuzaji akikupa mseto wa malaria bila kuuliza uzito wa mtoto, usione aibu, mtajie. Dozi ya mtoto haikadiriwi kwa macho.